Chunusi za Ukubwani: Mtindi, Shubiri na Mpangilio wa Kuvitumia

Mtu aliyevuka miaka 25 na bado anatokwa na chunusi kidevuni na kandokando ya taya huwa amekwisha kupewa ushauri wa kujaza daftari. Shangazi amemwambia apake ndimu, jirani amependekeza asali na manjano, wenzake wa kazini wamemtajia dawa ya meno, na siku hizi muuzaji wa duka la dawa humwonyesha vidonge vya probayotiki, yaani bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya. Baadhi ya mambo hayo yana msingi na mengine yanaunguza ngozi tu. Mwongozo huu unawahusu wakazi wa Arusha na Moshi, ambako maziwa mgando hayakosekani na shubiri huota hadi kwenye ua wa nyumba, na unashikilia mpangilio mmoja: kwanza ondoa kinachochochea chunusi, ndipo uongeze dawa, tena moja moja. Anayeanza kwa kuongeza vitu vinne kwa pamoja hatajua kilichomsaidia wala kilichomdhuru.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni chunusi

Chunusi huanza ndani ya kitundu cha kinyweleo. Seli zilizokufa hushikamana na mafuta ya ngozi na kuziba kitundu hicho, kisha bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, huongezeka katika mafuta yaliyokwama, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Mafuta hayo hutolewa kwa amri ya homoni, na ndiyo maana wanawake wengi watu wazima huona chunusi zikichachamaa siku chache kabla ya hedhi. Kutokana na maelezo hayo unaweza kuona mapema kwamba hakuna kinywaji wala pakaa moja, yaani kitu cha kupaka, itakayogusa mambo yote hayo kwa pamoja.

Alama ya uhakika ya chunusi ni vitundu vilivyoziba, ama vyenye ncha nyeusi ama vyenye kichwa cheupe kilichofichika chini ya ngozi. Usipoviona kabisa, fikiria jambo jingine. Mwanamume mwenye vipele shingoni na chini ya taya, palepale anaponyoa, kwa kawaida anasumbuliwa na ndevu zilizojipinda na kurudi ndani ya ngozi, na tiba yake inaanzia kwenye kinyozi. Vipele vidogo vya saizi moja, vinavyowasha, vilivyojaa kwenye paji la uso, kifua na mgongo, huweza kuwa vya fangasi. Vipo pia vinavyoletwa na dawa: steroidi za kumeza, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na isoniazidi inayotumika kutibu kifua kikuu. Wanawake wanaotumia njia za uzazi wa mpango zenye homoni ya projestini pekee, kama sindano au njiti, wakati mwingine huona chunusi zikiongezeka. Usiache dawa wala kutoa njiti kwa uamuzi wako mwenyewe. Andika tarehe ulipoanza kutumia na tarehe chunusi zilipoanza, uende nazo kliniki.

Hatua ya pili: ondoa vichochezi

Hatua hii ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haihitaji kununua kitu.

Anza na krimu. Ukiingia katika duka la vipodozi karibu na stendi na kuonyesha uso wako, utasikia maneno yanayofanana popote ulipo: "Dada yangu, hii nakuchanganyia mimi mwenyewe, siku tatu tu chunusi zote zinakauka na uso unang'aa." Ukiuliza kilichomo, utaambiwa kwamba ni mafuta ya karoti na vitamini. Kopo halina lebo, au lina lebo ya bidhaa nyingine kabisa. Ahadi ya siku tatu inapaswa kukushtua, kwa kuwa kitu kinachoweza kuzima uvimbe wa chunusi kwa siku tatu ni steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Uso utatulia kweli. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huanza kuonekana, vinyweleo huota mashavuni, na chunusi hurudi zikiwa nyingi zaidi na zinazofanana sana, jambo ambalo madaktari wa ngozi hulitambua kwa kutazama tu. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Tanzania, lakini mkorogo bado unauzwa. Aliyeutumia kwa miezi mingi asiukatishe ghafla bila kumwona daktari, maana ngozi huweza kulipuka kwa wekundu, kuwasha na usaha. Kuna namna ya kuuacha taratibu chini ya uangalizi.

Kisha chunguza mafuta. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi inayotokea kwenye paji la uso na kwenye panja kwa watu wanaopaka mafuta mazito ya nywele, na tatizo hilo lipo saluni zote hadi leo. Anayesuka kila mwezi na kupakwa mafuta kwenye mistari ya kichwa hulala juu ya mto, mafuta hayo yakahamia shavuni. Paka mafuta katikati ya kichwa, mbali na mstari wa nywele, na badilisha foronya kila wiki. Usoni, achana na mafuta ya nazi ikiwa una chunusi, kwa sababu huziba vitundu kwa watu wengi, hata kama bibi yako aliyatumia maisha yake yote na ngozi yake ikabaki laini. Arusha ikiingia Juni na Julai, baridi hukausha ngozi na kila mtu hukimbilia mafuta ya mgando. Wakati huo tafuta losheni nyepesi isiyo na manukato.

Sabuni nayo ina mchango wake. Ngozi ya uso ina uchachu kidogo, karibu na pH 5 (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi), ilhali sabuni ya mche na sabuni nyingi za vipande hufikia pH 9 au 10. Kuosha uso kwa sabuni ya mche mara nne kwa siku ili kukausha mafuta huacha ngozi ikiwa imekakamaa na inauma, na ngozi iliyochubuka haivumilii dawa yoyote utakayoiweka baadaye. Mara mbili kwa siku zinatosha, kwa sabuni laini na vidole vyako, bila dodoki.

Wanaopanda bodaboda kila siku waangalie helmeti. Mkanda unaosugua kidevu chenye jasho na vumbi huchochea chunusi pale pale unapogusa, hasa ikiwa helmeti inavaliwa na abiria kumi kwa siku. Dawa yake si kuacha helmeti. Vaa kitambaa safi cha pamba chini yake na ukifue kila jioni.

Mwisho wa hatua hii ni kuacha kutumbua. Kwa ngozi nyeusi, kila chunusi iliyominywa huacha doa jeusi ambalo hukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kwisha, na watu wengi wanaosema kwamba chunusi zao haziishi huwa wanalalamikia madoa hayo.

Hatua ya tatu: tazama sahani na kikombe

Chakula hakisababishi chunusi peke yake, ila sukari na wanga unaosagika haraka mwilini hupandisha insulini, na insulini huchochea homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2007, vijana wa kiume 43 waligawanywa makundi mawili, na baada ya wiki 12 waliokula vyakula visivyopandisha sukari kwa kasi walikuwa wamepungukiwa na vipele kuliko wenzao. Walikuwa wachache na wote wanaume, kwa hiyo tusiseme zaidi ya hapo. Lakini ushauri wenyewe haumdhuru mtu. Kwa mkazi wa Moshi maana yake ni kwamba chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na mandazi mawili asubuhi, kisha soda mchana, ndivyo vya kupunguza kwanza. Kiburu, makande, mboga za majani na parachichi havina tatizo.

Maziwa yana habari yake. Uchunguzi wa wauguzi wa kike wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliokumbuka kunywa maziwa mengi walipokuwa sekondari walikuwa na chunusi zaidi enzi hizo, hasa maziwa yaliyoondolewa malai. Ni uhusiano tu na haujathibitisha chanzo. Hata hivyo, anayekunywa nusu lita ya maziwa fresh kila siku anaweza kujaribu kuyabadilisha yote kuwa mtindi kwa miezi mitatu, kwa kuwa uhusiano huo haujitokezi kwa nguvu ileile kwenye maziwa yaliyochachushwa. Na wanaonyanyua vyuma wakumbuke kwamba unga wa protini itokanayo na maziwa umetajwa mara kadhaa na madaktari kuwa chanzo cha chunusi za ghafla.

Hatua ya nne: mtindi na bakteria wake

Wazo la kutibu ngozi kupitia tumbo si geni. Mwaka 1930 madaktari wawili wa Marekani, John Stokes na Donald Pillsbury, walipendekeza kwamba hali ya akili, utumbo na ngozi vinaathiriana, na miongoni mwa tiba walizotaja yalikuwamo maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria wa jamii ya Lactobacillus. Mwaka 1961 daktari mwingine wa huko aliripoti kwamba wagonjwa wanane katika kila kumi kati ya 300 aliowapa bakteria hao walipata nafuu, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha, na chunusi zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe. Utafiti wenye maana zaidi ulichapishwa mwaka 2013: wanawake 45 waligawanywa makundi matatu, wengine wakipewa probayotiki, wengine kiuavijasumu (antibayotiki), wengine vyote viwili, kwa wiki 12. Makundi yote yalipata nafuu, na lililopewa vyote viwili lilipata zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Italia waliona nafuu kwa watu wazima waliokunywa aina moja ya Lactobacillus rhamnosus, ila walikuwa 20 tu.

Kwa maoni yangu, hayo yanatosha kumshawishi mtu ale mtindi na hayatoshi kumshawishi atumie mshahara wake kununua vidonge. Kikombe kimoja cha mtindi kwa siku, kisicho na sukari, ni chakula kizuri kwa vyovyote vile. Ukichagua dukani, soma kibandiko: maziwa na bakteria viwe ndivyo vilivyomo, bila sukari na bila ladha ya stroberi. Yogati nyingi za matunda zina sukari ya kukaribia soda, na hiyo inakurudisha hatua ya tatu.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe aanze na maziwa yaliyochemka. Hili halina mjadala, kwa sababu ugonjwa wa brusela, unaotupisha mimba za ng'ombe na kuwapa watu homa za muda mrefu na maumivu ya viungo, upo katika mifugo ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na kuchachuka kwa maziwa mabichi hakuuondoi kwa uhakika. Chemsha lita moja mpaka yafure, punguza moto, yaache dakika chache huku ukikoroga, kisha yaepue yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Sasa joto. Bakteria wa mtindi wetu wa kawaida hupenda nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, ilhali wale wa yogati hutaka 40 hadi 45. Ukianzisha kwa mtindi, subiri mpaka kidole safi kisisikie joto lolote. Ukianzisha kwa yogati, maziwa yawe na joto ambalo kidole kinalivumilia kwa kuhesabu hadi kumi. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya mtindi wa kuanzishia katika maziwa hayo, mimina katika chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto, funika, na usikitikise tena. Cha yogati kifungwe kwa blanketi ili joto lisitoroke. Moshi mjini, mwezi wa Februari, mtindi hushika usiku mmoja. Arusha mwezi wa Julai unaweza kungoja siku nzima na zaidi, na watu wengine huweka chombo karibu na jiko lililozimwa. Ulioshika vizuri hukatika kwa kijiko ukiwa na kingo safi, maji ya rangi ya kijani hafifu hujitenga pembeni, na harufu yake ni ya uchachu mtupu. Ukiona povu, utelezi unaovutika, au doa la waridi juu yake, mwaga wote. Hifadhi mahali pa baridi, na usiuchemshe wala kuumimina kwenye loshoro inayotokota, maana moto unaua bakteria wale wale uliowatafuta. Acha chakula kipoe kwanza.

Mtu ataniuliza kuhusu maziwa ya kibuyu ya Wamasai, yale ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Uchunguzi wa maziwa hayo uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus, hasa plantarum. Ni kinywaji cha heshima, lakini bakteria waliopimwa kwa chunusi katika tafiti nilizotaja ni wa aina nyingine, na mara nyingi maziwa yake hayakuchemshwa. Togwa nayo ina bakteria wa uchachu na ni mbadala mzuri kwa asiyetumia maziwa, ikiwa haijatiwa sukari. Mbege haimo katika mwongozo huu, licha ya hoja ambazo nimewahi kuzisikia.

Ukiamua kununua vidonge, hakikisha kopo linataja jina kamili la bakteria, idadi yao, tarehe ya mwisho wa matumizi na namna ya kuvihifadhi, na usivinunue vilivyopangwa kwenye dirisha linalopigwa na jua. Mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, au anayepata matibabu ya saratani, asivitumie bila ruhusa ya daktari wake.

Hatua ya tano: pakaa za asili, na zipi za kuacha

Kabla ya kupaka kitu chochote usoni, kijaribu chini ya taya upande mmoja kwa siku mbili.

Dawa ya asili yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni mafuta ya mmea wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa jina la Tea Tree. Mwaka 1990 watafiti wa huko waliyalinganisha, yakiwa na nguvu ya asilimia 5, na benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya hospitali ya kupaka chunusi, kwa wagonjwa 124. Zote mbili zilipunguza chunusi, mafuta yakifanya kazi polepole zaidi lakini yakichubua ngozi kidogo kuliko benzoili peroksaidi. Neno la kushika ni asilimia 5. Chupa ndogo zinazouzwa huwa na mafuta matupu, na hayo huunguza. Tafuta jeli iliyokwisha kupimwa, na usimeze kamwe, kwa kuwa ni sumu.

Shubiri hutuliza ngozi. Katika utafiti wa Iran wa mwaka 2014, jeli yake ikichanganywa na tretinoini, dawa ya hospitali ya kupaka chunusi, ilisaidia kuliko tretinoini peke yake. Lakini si kila shubiri ni Aloe vera: ile ya mwituni ya ukanda wetu, yenye maua mekundu na majani yenye miiba mikali, mara nyingi ni Aloe secundiflora, na utomvu wake ni mkali. Hata kwa Aloe vera ya kwenye chungu, kata jani, lisimamishe dakika kumi na tano ili utomvu wa manjano uchuruzike, osha, ondoa ganda lote, na upake ute mweupe tu.

Asali haina dhara kubwa, ila jaribio la New Zealand la mwaka 2016 halikuona kwamba asali ya kanuka, mti wa huko, iliongeza faida yoyote juu ya sabuni. Asali nzuri uliyoletewa kutoka shambani, uile na mkate. Manjano na liwa ni vipodozi vya kupendeza siku ya shughuli, navyo havizibui vitundu.

Ndimu na limau usipake kabisa. Maji yake yana ukali wa karibu pH 2, na yana kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miali ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ubaridi wa asubuhi na mawingu ya Mlima Meru visikudanganye. Magadi na dawa ya meno viingie kapu hilohilo la ndimu. Kofia pana na losheni ya kuzuia jua ndivyo vinavyosaidia madoa yafifie.

Hatua ya sita: toa muda, na weka kumbukumbu

Kitundu kinaweza kuwa kimeziba kwa wiki nane hivi kabla chunusi haijaonekana, kwa hiyo vipele vya wiki ya kwanza vilikwisha kuanza kabla ya mtindi wako. Kila badiliko lipe wiki 12. Piga picha kila Jumapili, dirisha lilelile, saa ileile, bila vipodozi. Wanawake walinganishe wiki ya hedhi na wiki ya hedhi iliyopita.

Hatua ya saba: wakati wa kwenda kliniki

Usisubiri wiki 12 ikiwa una vinundu vikubwa vinavyouma, makovu yenye mashimo au ya kuvimba, au ikiwa hedhi yako imevurugika huku ndevu zikiota na uzito ukipanda, kwani hapo homoni na ovari zinahitaji kuchunguzwa. Hospitali za rufaa za mikoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, ni mahali pa kuanzia. Moshi ina bahati ya pekee: ndani ya eneo la hospitali ya KCMC kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi wanaofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika.

Huko utapewa dawa zilizothibitishwa, kama benzoili peroksaidi, ambayo hata kwa asilimia 2.5 hufanya kazi, adapaleni, au asidi ya azelaiki, ambayo husaidia pia madoa na inaruhusiwa kwa mjamzito. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, aseme mapema kabla hajaandikiwa chochote, hasa kwa sababu isotretinoini ya kumeza huharibu sana mtoto aliye tumboni. Usijinunulie doksisaiklini dukani. Viuavijasumu vya chunusi hutolewa kwa miezi mitatu au minne pamoja na dawa ya kupaka, na kuvitumia ovyo kunazalisha bakteria sugu. Mtindi unaweza kuendelea nao, lakini usiunywe saa ileile unayomeza doksisaiklini, kwa kuwa kalsiamu hupunguza nguvu yake. Acha saa mbili hivi katikati.

Siku ya miadi usipake kitu usoni. Chukua picha zako, orodha ya dawa unazomeza pamoja na njia ya uzazi wa mpango, na mfuko wenye kila kopo ulilotumia tangu chunusi zianze, likiwamo lile la mkorogo lisilo na lebo.